Kisa na maana: Kwa nini binadamu haachishwi hadithi

WAPO watu wanaoamini kwamba hadithi ni chakula cha watoto, na kwamba mtu huachishwa hadithi kama anavyoachishwa ziwa. Akishakua, wanasema, na apewe vitu vya maana: takwimu, taarifa, sheria, mtaji. Imani hii imepenya hata katika mazungumzo yetu ya kila siku. Mfanyakazi anayejitetea mbele ya mkubwa wake huambiwa, "Usiniletee hadithi hapa!" Mwanasiasa asiyeaminika huitwa mtu wa hadithi nyingi. Vijana wa mitaani nao wana stori za jaba, zile zinazonoga watu wakitafuna miraa na kuyeyuka kunapopambazuka.

Hata hivyo, mtazame vizuri huyo bosi aliyefukuza hadithi ofisini mwake saa nne asubuhi. Jioni utamkuta ametulia tuli mbele ya runinga akifuatilia kipindi cha mia moja na kumi cha tamthilia ya kigeni. Akimaliza atampigia simu dadaye amweleze yaliyojiri harusini. Akienda matangani, swali lake la kwanza litakuwa, "Ilikuwaje?" Na akiwa kanisani au msikitini atasinzia wakati wa maelezo, kisha ataamka mara tu mhubiri atakaposema, "Palikuwa na mtu mmoja..." Je, ni nini hiki ambacho tunakidharau mchana na kukitafuta usiku? Na kama kweli ni cha watoto, mbona hakituachi hadi kaburini?

Tuanze na msamiati, kwa kuwa mara nyingi lugha hukumbuka mambo ambayo wasemaji wake wameyasahau. Kiswahili hakina jina moja la hadithi. Tuna ngano, neno ambalo Washona wa Zimbabwe pia hulitumia kwa hadithi zao za jadi. Tuna hadithi, hekaya, riwaya na kisa, ambayo yote asili yake ni Kiarabu. Tuna masimulizi, kutokana na kitenzi simulia. Na siku hizi tuna stori, ambalo asili yake haihitaji kuelezwa. Ni kana kwamba kila mgeni aliyetia nanga katika pwani yetu alilipa ushuru wa neno moja la hadithi.

Katika orodha hiyo, neno linalonivutia zaidi ni kisa. Kisa ni hadithi, lakini kisa vilevile ni sababu. Tunasema, "Amefutwa kazi, kisa kuchelewa dakika kumi." Tunasema, "Wamegombana ndugu wale, kisa mpaka wa shamba." Mtu akitueleza jambo la ajabu twamkatiza, "Kisa na maana?" yaani, kwa nini? Katika Kiswahili, kuuliza sababu na kuuliza hadithi ni jambo moja. Sidhani kwamba hii ni sadfa tupu. Mtu wa kawaida anapotaka kujua kwa nini jambo limetokea, haombi fomula. Anaomba aambiwe nani alifanya nini, kisha nini kikafuata, hata mambo yakafika yalipofika. Aristotle aliligusa suala hili katika Poetics aliposisitiza kwamba matukio ya msuko mzuri hayafuatani tu kama watu waliopanga foleni. Sharti tukio moja lilizae jingine.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mnamo 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliokuwa Marekani, waliwaonyesha watu 34 filamu fupi isiyo na binadamu wala mnyama ndani yake. Ilikuwa na pembetatu mbili, moja kubwa na nyingine ndogo, duara moja dogo, na mstatili wenye sehemu inayofunguka na kufungika. Maumbo hayo yalisogeasogea, yakaingia na kutoka. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, ni mmoja tu aliyeeleza kwa lugha ya jometri. Wengine wote walitoa visa. Walizungumza kama watu walioona viumbe wenye nia na hasira, wanaofukuzana, wanaogopana na kuteteana. Hakuna aliyewaagiza watunge hadithi. Jicho la binadamu ndilo lilivyo: likiona vitu viwili vinasogeleana, moyo huanza kuuliza kisa.

Jerome Bruner, katika kitabu chake Actual Minds, Possible Worlds cha 1986, alieleza kwamba binadamu ana njia mbili za kufikiri. Moja ni ya hoja na ithibati, ile ya mwanahisabati na mwanasayansi. Nyingine ni ya usimulizi, ambayo hushughulikia nia za watu, matendo yao na yanayowapata. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba njia hizi haziwezi kugeuzwa kuwa moja. Huwezi kumwelewa mkeo au mumeo kwa fomula, na huwezi kujenga daraja kwa ngano. Anayedai kwamba mtu mzima anahitaji njia moja tu anamtaka mtu huyo atembee kwa mguu mmoja.

Ili tusielee hewani, tuchukue ngano moja mahususi tuitazame. Ni kisa cha kima na papa, ambacho ndani yake mna kisa kingine, cha punda wa dobi. Edward Steere alikikusanya Unguja na kukichapisha London mnamo 1870, katika kitabu cha ngano za Waswahili. Lakini kisa chenyewe ni kizee zaidi. Mizizi yake imo katika Panchatantra, mkusanyiko wa Kisanskriti kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 6 mkusanyiko huo ulitafsiriwa katika lugha ya Kipahlavi ya Uajemi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Kule India, rafiki wa kima alikuwa mamba. Katika Kiarabu akawa kobe. Alipofika pwani yetu akawa papa, kwa sababu watu wa huku walimjua papa kwa sura na kwa meno.

Kisa chenyewe, kwa muhtasari, ni hiki. Kima aliishi juu ya mti uliokuwa nusu yake juu ya nchi kavu na nusu juu ya bahari. Kila siku papa alikuja chini ya mti, naye kima akamtupia matunda. Urafiki ukakolea. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, papa akatoboa siri: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia mapema! Sisi kima tukitoka matembezini huiacha mioyo yetu mitini. Nirudishe nikauchukue." Papa akageuka. Kima alipoukwea mti wake, hakushuka tena.

Papa alipoita, kima akamjibu: "Waniona mimi punda wa dobi?" Papa akauliza kisa cha punda wa dobi ni kipi. Ndipo kima akasimulia. Palikuwa na punda aliyemtoroka dobi, akaenda mwituni akanenepa. Simba alikuwa mgonjwa, hana nguvu za kuwinda. Sungura akamlaghai punda kwa maneno matamu, akampeleka kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponyoka na majeraha. Siku zikapita, sungura akamwendea tena, naye punda akakubali kurudi. Safari hii hakupona. Simba akamwachia sungura nyama aichome, akasema yeye anataka moyo na masikio tu. Sungura akavila vyote viwili. Simba alipouliza viko wapi, sungura akamjibu: "Punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi hapa mara ya pili?"

Sasa msomaji, mpe kisa hiki mtoto wa miaka sita. Atacheka. Atafurahi kwamba mdogo amemshinda mkubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mdogo katika ulimwengu wa wakubwa. Ngano nyingi za sungura na fisi zinampa mtoto faraja hii. Zile za mazimwi humpa zawadi nyingine. Humwezesha kuogopa akiwa mahali salama, ameshika kanga ya nyanyake. Wazazi wa leo wanaoondoa zimwi katika hadithi kwa kuwahurumia watoto wanasahau kwamba mtoto atakutana na mazimwi hata hivyo, na hayatakuwa na mkia. Ni afadhali awe amefanya mazoezi.

Isitoshe, mtoto anayeitikia "Pakawa!" anaposikia "Paukwa!" anafunzwa kazi ya kusikiliza. Kiitikio hicho ni mkataba: mimi nitasema, nawe utanipa masikio yako, na ikifika zamu yako nitakupa yangu. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bikizee ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza sigana, yaani ngano. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind, anaeleza jinsi watoto walivyokaa motoni jioni kusikia hadithi, na kesho yake wakazirudia shambani kwa watoto wenzao. Katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kusimulia ngano mchana, na mtoto aliyekaidi alitishwa kwamba angepatwa na baya. Mwiko huo ulikuwa na busara yake: mchana ni wa jembe na mifugo. Lakini ulikuwa na faida nyingine pia. Ulimfanya mtoto aingoje hadithi, na kinachongojwa ndicho kinachosikilizwa.

Mpe kisa kile kile kijana wa miaka kumi na saba. Huyu hatacheka sana. Atajiuliza: mimi ni nani katika kisa hiki? Je, marafiki wangu ni papa? Ujana ni umri wa kutafuta nafasi yako katika hadithi iliyoanza kabla hujazaliwa. Ndiyo maana riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, iliwashika vijana wa Kenya kwa namna ambayo mtihani pekee hauwezi kueleza. Kongowea anatoka Tanga kuja kumtafuta baba asiyemjua. Ni vijana wangapi waliosoma kitabu hicho bweni zikiwa zimezimwa taa, si kwa ajili ya alama, bali kwa kuwa nao walikuwa na baba wa kumtafuta, au jina, au kwao?

Katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush walitunga maswali ishirini ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao. Je, unajua nyanya na babu zako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua ugonjwa au msiba mkubwa uliowahi kuikumba familia yenu? Waligundua kwamba watoto waliojua mengi kuhusu jamaa zao aghalabu walijithamini zaidi na walihisi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Tahadhari ni muhimu hapa. Hawakusema kwamba kukariri majibu ishirini ni dawa. Familia ambayo watoto wake wanajua mambo hayo ni familia ambayo watu huketi pamoja na kuzungumza, na huenda hapo ndipo penye siri yote.

Hapa ndipo panaponitia wasiwasi. Katika miaka ambayo nimefundisha fasihi simulizi, nimekuwa nikiwatuma wanafunzi makwao wakati wa likizo wakakusanye ngano. Zamani walirudi na madaftari yaliyojaa. Siku hizi wapo wanaorudi mikono mitupu, na ukiwauliza kisa, wanasema: nyanya yupo, ngano anazo, lakini hatuna lugha ya kusemezana. Nyanya anasema Kitaita au Kikamba. Mjukuu anasema Kiingereza na Sheng. Kiswahili, ambacho kingekuwa daraja, nyanya anakijua cha sokoni na mjukuu anakijua cha mtihani. Basi wanaketi sebuleni, wakapeana chai na tabasamu, na runinga ikazungumza kwa niaba yao.

Shule nazo zina lawama yake. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, mtahiniwa wa KCSE huulizwa kuhusu fasihi simulizi. Kwa hivyo wanafunzi wetu hukariri sifa za ngano, umuhimu wa ngano, aina za ngano na tofauti kati ya hurafa, hekaya, mighani na visasili. Wengi wanaweza kukutajia sifa kumi za mtambaji bora. Lakini mwambie mmoja wao asimame atambe ngano hata moja, utaona anavyoangalia sakafu. Ni kama kumfundisha mtu majina ya viungo vyote vya pilau asiwahi kuionja. Heri mashindano ya kitaifa ya drama, ambayo bado yana kitengo cha masimulizi, ambapo mtoto husimama peke yake mbele ya ukumbi na kuuteka kwa sauti na mikono tu.

Twende mbele. Mpe kisa kile mtu wa miaka arubaini. Huyu hasikii kima mjanja. Anasikia rafiki aliyekula matunda yako miaka mingi, kisha akakuambia katikati ya bahari kwamba anahitaji moyo wako. Anamkumbuka mshirika wa biashara, au ndugu wa hati ya shamba. Akumulikaye mchana usiku hukuchoma. Anaona pia jambo ambalo mtoto hakuliona: papa alisema ukweli mapema mno, na kima akaokolewa na hadithi aliyoitunga papo hapo. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela alifanya vivyo hivyo, akaahirisha kifo chake usiku baada ya usiku kwa kisa kisichokamilika.

Utu uzima wenyewe umejengwa juu ya visa. Daktari mzuri, kabla ya kukutuma maabara, hukuuliza, "Ilianza lini? Ikawaje?" Hakimu hupima visa viwili vinavyopingana na kuuliza kipi kinashikamana na ushahidi. Mzee wa mtaa anayepatanisha jirani na jirani hawezi kuanza kazi kabla kila upande haujasimulia hadi mwisho bila kukatizwa. Hata mkopo wa benki huombwa kwa hadithi: nilianza na kibanda, sasa nina duka, kesho nataka bohari. Yule bosi wetu wa "usiniletee hadithi" anasikia hadithi kutwa nzima. Amezipa majina mengine tu: ripoti, mpango, maono.

Na uzeeni? Wengi wetu tuna mzee nyumbani anayerudia kisa kile kile. Ameshakisimulia mara thelathini. Wajukuu wanakonyezana, na mkwe anakumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni. Kwa muda mrefu hata wataalamu waliona tabia hii kuwa dalili ya akili kuchoka. Mnamo 1963, Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika makala akipinga maoni hayo. Alieleza kwamba mtu anayeuona mwisho wake hufanya kazi ya kuyapitia upya maisha yake, akiyapanga, akiyahukumu, akitafuta amani na yaliyobaki bila kutatuliwa. Kwa hivyo mzee anayerudia kisa huenda hajasahau kwamba alikwisha kukisimulia. Huenda bado hajakimaliza. Kinachohitajika si kumkumbusha kwamba tumekisikia, bali kumuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Na wewe ulijisikiaje siku hiyo?"

Kupuuza hadithi za wazee kuna gharama kubwa zaidi ya kuwavunja moyo. Kwa miongo kadhaa, wazee waliopitia kambi za vizuizi wakati wa Mau Mau walisimulia mateso yao, na wengi hawakuaminiwa. Caroline Elkins alipochapisha kitabu chake mnamo 2005, kilichotegemea kwa kiasi kikubwa mahojiano na manusura, baadhi ya wanahistoria walimlaumu kwa kuyategemea mno masimulizi ya mdomo. Kisha wazee wakaenda mahakamani London. Mnamo 2011, kesi ikiendelea, ikabainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi maelfu ya faili za kikoloni mahali paitwapo Hanslope Park, na yaliyomo yalithibitisha kwamba mateso katika kambi hizo yalikuwa jambo lililojulikana na wakubwa. Mnamo Juni 2013, serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Faili zilikuwa na nguvu zake. Lakini faili hizo hazingetafutwa kama wazee wale wangalikubali kunyamaza walipoambiwa kwamba zao ni hadithi tu.

Kisha huja siku ambapo mwenye hadithi hawezi tena kuisimulia, na wengine humsimulia. Nchini mwetu hakuna maziko bila wasifu wa marehemu. Lakini hebu tuwe wakweli. Wasifu mwingi siku hizi ni fomu iliyojazwa: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto watano, akaugua, akapelekwa hospitali kadhaa. Waombolezaji husikiliza kwa adabu. Halafu husimama jirani mmoja asiyekuwa kwenye ratiba, akasema, "Mwaka ule wa njaa, mzee huyu alikuja kwangu usiku na debe la mahindi, akaniambia nisimwambie mtu." Hapo ndipo watu hulia. Fomu imetuambia kwamba marehemu aliwahi kuwepo. Jirani ametuambia alikuwa nani.

Pengine msomaji atanipinga, na ana haki: je, hadithi haziui? Zinaua. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambapo kwa mujibu wa Tume ya Waki watu 1,133 walifariki, hazikuanza kwa mapanga. Zilitanguliwa na visa vilivyorudiwa kwa miaka mingi kuhusu jirani: kwamba watu wale ni wezi, kwamba watu hawa wamekuja kutumeza. Sungura naye alimuua punda kwa maneno. Hadithi haina dini. Humtumikia anayeisema.

Lakini tazama ni nini ngano ile inakitoa kama tiba. Simba alitaka moyo na masikio, na sungura akasema punda hakuwa navyo. Masikio ni uwezo wa kusikiliza. Moyo, katika fikira za wahenga wetu, si wa mapenzi tu. Ndipo mahali pa kukumbuka, kutafakari na kupima. Ndiyo maana tunasema mtu amehifadhi jambo kwa moyo. Punda aliyarudia maangamizi yake kwa kuwa hakuwa amejisimulia yaliyompata mara ya kwanza. Jamii isiyojisimulia 2007 kwa ukweli inaweza kualikwa tena mwituni kwa maneno yale yale matamu, na ikaenda. Dawa ya kisa cha uongo si kuzuia visa. Ni kuwa na watu waliolelewa kwa visa vingi, wanaojua harufu ya sungura hata kabla hajafika, na ambao wamewahi kumsikiliza jirani akijieleza kwa kinywa chake.

Tufanyeje basi? Sipendekezi kamati. Mzazi mwenye watoto wadogo na apate dakika kumi usiku, simu ikiwa chumba kingine, awasimulie jambo moja. Kama hajui ngano, na awaambie siku aliyopotea sokoni alipokuwa mdogo. Kama lugha ya mama imemponyoka, na atumie Kiswahili alicho nacho, hata kikiwa na viraka vya Sheng. Mwalimu na awape wanafunzi wake ngano yenyewe kabla ya sifa zake. Kijana mwenye simu ya kisasa, badala ya kuijaza video za watu asiowajua, na amrekodi nyanyake, akitafuta mtu wa kumfasiria pale anapokwama. Na anayeandika wasifu wa mzazi wake asisubiri hospitali impigie simu. Amuulize mwenyewe akiwa hai, kwani majibu mengine hayapatikani kwa mwingine yeyote.

Mtoto wa miaka sita, kijana wa kumi na saba, mtu mzima wa arubaini na mzee wa themanini wanaweza kuketi chumba kimoja wakasikiliza kisa kimoja, na kila mmoja akaondoka na chake. Sijui ni kitu gani kingine tulicho nacho kinachoweza kufanya hivyo. Kinachohitajika ni mmoja aseme "Paukwa!" na wengine wawe bado wanakumbuka jinsi ya kuitikia.